Zinzendorf na Kijiji cha Herrnhut

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Matendo 2:42-47, Yakobo 4:1-3, Mathayo 18:15-17, 2 Wathesalonike 3:6-13, Walawi 6:12, 13, Filemoni 8-17.

Fungu la Kukariri: Matendo 2:44. Lisome katika Biblia yako na ulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Wazo Kuu: Upendo wa kindugu ni karama ya Mungu, lakini wanaoishi pamoja wanahitaji pia makubaliano machache yaliyo wazi, yanayomhusu mkubwa na mdogo sawasawa.

Tangu siku za mitume, Wakristo wanaosoma habari za kanisa la Yerusalemu wamekuwa wakitamani kuishi vile. Wengi wamejaribu. Wamenunua ardhi kwa pamoja, wamejenga nyumba zao jirani, wameahidiana kuishi kwa kiasi, kuomba pamoja na kusaidiana katika shida. Majaribio mengi kati ya hayo hayakudumu. Mara nyingi kilichoyavunja hakikuwa njaa wala mateso kutoka nje. Ni ugomvi wa ndani: nani aamuru, nani afanye kazi, fedha zimekwenda wapi, na ni mafundisho ya nani yafuatwe.

Juma hili somo linafuata maisha ya mtu mmoja aliyekutana na maswali hayo yote. Nikolaus Ludwig von Zinzendorf alizaliwa mwaka 1700 nchini Ujerumani katika ukoo tajiri wa kikabaila, akafa mwaka 1760 akiwa ameimaliza mali yake kwa kazi ya Mungu. Kijiji cha Herrnhut, kilichojengwa kwenye shamba lake, nusura kivunjike kabla ya kutimiza miaka mitano. Badala yake, kikawa chemchemi ya kazi ya umisionari iliyofika hadi Afrika.

Zinzendorf hakuwa mtu asiye na dosari, na baadhi ya makosa yake yalikuwa mazito. Biblia nayo haifichi makosa ya Daudi wala ya Petro. Yanayofaa yachukuliwe, na yasiyofaa yawe onyo.

JUMAPILI

Kabaila na Seremala

Zinzendorf alizaliwa Mei 26, 1700, katika mji wa Dresden. Majuma machache baadaye baba yake alifariki. Mama yake alipoolewa tena, mtoto alibaki kwa bibi yake, mwanamke msomi na mchaji aliyeipenda Biblia. Nyumba ya bibi ilikuwa kituo cha Wapietisti, yaani Walutheri waliofundisha kwamba kukiri imani sahihi hakutoshi, bali mtu azaliwe upya na maisha yake yaonyeshe hivyo. Philipp Jakob Spener, kiongozi wao mashuhuri, alikuwa baba wa ubatizo wa mtoto huyo.

Alipofikisha miaka kumi alipelekwa Halle, kwenye shule ya August Hermann Francke. Huko alisikia habari za wamisionari waliokuwa India, na pamoja na vijana wenzake akaanzisha chama kidogo walichokiita kwa jina la punje ya haradali. Waliahidiana kumfuata Kristo, kuwatendea watu wote wema na kupeleka injili kwa wasioijua. Ndugu zake, hata hivyo, walimtaka awe mtumishi wa serikali kama walivyokuwa watu wa daraja lake, hivyo akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Wittenberg. Mwaka 1719, akiwa safarini, aliingia katika jumba la picha mjini Düsseldorf, akasimama mbele ya picha ya Kristo aliyevikwa taji la miiba. Maandishi ya chini yake yalimkumbusha mtazamaji mambo ambayo Kristo amemtendea, kisha yakamwuliza yeye amemtendea nini Kristo. Kijana huyo hakuwa na jibu. Swali hilo hakulisahau.

Mwaka 1722 alikuwa na kazi katika serikali ya mfalme huko Dresden. Mwaka huohuo alinunua shamba la Berthelsdorf kutoka kwa bibi yake, akamwoa Erdmuthe Dorothea. Wakati huo seremala mmoja, Christian David, alikuwa akivuka milima kwa siri kuwatoa Moravia watu waliokuwa wakiteswa kwa ajili ya imani yao. Hao walikuwa wazao wa Umoja wa Ndugu, kanisa lililotokana na wafuasi wa Jan Hus, ambalo kwa karibu miaka mia moja lilikuwa limeishi kwa kujificha. Zinzendorf aliruhusu wakae kwenye ardhi yake. Juni 17, 1722, Christian David aliangusha mti wa kwanza, na nyumba ya kwanza ikaanza kujengwa. Mahali pale pakaitwa Herrnhut, jina lenye maana ya ulinzi wa Bwana.

Soma Mathayo 13:31, 32. Zinzendorf alitoa ardhi, na Christian David alitoa shoka na miguu yake. Katika kikundi chako, ni watu gani ambao mchango wao hauonekani kwa sababu si wa fedha?

JUMATATU

Ugomvi Ndani ya Nyumba ya Mungu

Habari za mahali pa usalama zilienea upesi. Kufikia mwaka 1727 Herrnhut palikuwa na watu zaidi ya 200. Wengine walitoka Moravia, wakitaka taratibu za kanisa la baba zao. Wengine walikuwa Walutheri, wengine wa Kanisa la Kireformati, na wengine walikuwa wamejitenga na makanisa yote. Kila mmoja alikuwa ameacha kitu fulani kwa ajili ya dhamiri yake, na kwa hiyo kila mmoja aliona kwamba dhamiri yake ndiyo ipewe nafasi ya kwanza.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Watu waliokuwa wamestahimili gereza kwa ajili ya Kristo hawakuweza kustahimiliana kwenye meza moja. Walibishana juu ya Meza ya Bwana, juu ya ibada na juu ya nani ana haki ya kufundisha. Mtu mmoja aliyehamia kijijini alianza kuhubiri kwamba Zinzendorf ndiye mnyama wa Ufunuo, na kwamba Johann Andreas Rothe, mchungaji wa Berthelsdorf, ni nabii wa uongo. Mhubiri huyo baadaye alirukwa na akili akaondoka, lakini maneno yake yalibaki. Hata Christian David, aliyekuwa amewaleta watu wengi pale, alivutwa na mafarakano hayo kwa muda na kujitenga.

Zinzendorf alikuwa na njia mbili rahisi. Akiwa mwenye ardhi, angeweza kuwafukuza wagomvi, na sheria ingekuwa upande wake. Angeweza pia kubaki Dresden na kuwaacha wamalizane wenyewe. Hakuchagua hata moja. Mwaka 1727 aliomba ruhusa kazini, akahamia Herrnhut na jamaa yake, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Alikaa na waliokuwa wamemtukana, akawasikiliza, akafungua Maandiko pamoja nao. Walichokuwa wamezoea kukiona kwa kabaila ni amri iliyoletwa na msimamizi wake. Huyu alikuja mwenyewe, akaketi.

Yakobo aliwaandikia waumini kwamba vita vyao vilitoka katika tamaa zilizokuwa ndani yao wenyewe (Yakobo 4:1-3). Mtu anaweza kuhama nchi, kuacha mali na kubadili mavazi, lakini anapofika mahali papya anakuta amekuja na moyo wake uleule. Ndiyo maana kuishi pamoja hufichua mambo ambayo ibada ya mara moja kwa juma huyaficha.

Soma Wafilipi 2:1-8. Zinzendorf alikwenda kwa waliomwita mnyama. Je, kuna nyumba ambayo hujaikanyaga kwa sababu ya maneno yaliyosemwa? Ni nini kinachokuzuia?

JUMANNE

Makubaliano ya Mei 12, 1727

Mazungumzo ya nyumba kwa nyumba yalimwonyesha Zinzendorf kwamba nia njema peke yake haikutosha. Watu walihitaji kujua wamekubaliana nini. Mei 12, 1727, aliwakusanya wote, akazungumza nao kwa saa kadhaa juu ya dhambi ya mafarakano, kisha akawawekea mbele yao hati mbili.

Hati ya kwanza ilitoka kwake akiwa mwenye ardhi, nayo ilihusu amani na utaratibu wa kijiji. Ndani yake kulikuwa na jambo kubwa kwa nyakati zile: wakaaji wa Herrnhut wawe huru, wasiwe watwana wa kabaila. Katika nchi ile wakulima wengi walifungwa kwenye shamba la bwana wao, na hawakuweza kuondoka bila ruhusa yake. Kwa hati hiyo Zinzendorf alipunguza uwezo wake mwenyewe kabla ya kumwomba mtu mwingine ajinyime chochote.

Hati ya pili ilikuwa makubaliano ya kindugu, yenye kanuni 42, ambayo kila mmoja aliyatia sahihi kwa hiari. Mambo makuu yake yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Wakaaji wa Herrnhut wadumu katika upendo na watoto wote wa Mungu, hata walio katika makanisa mengine, wala wasiwahukumu. Anayeweza kufanya kazi ale kwa jasho lake, na mzee, mgonjwa na asiye na kitu watunzwe na jamii. Kila mmoja awe na haki ya kumwonya ndugu yake kwa upendo, na anayeonywa asikilize bila hasira, na wasipoelewana wamwite mtu wa tatu. Mtu asiweke kinyongo moyoni. Walichagua wazee kumi na wawili, na wanne kati yao wakateuliwa kwa kura kuwa wazee wakuu. Mmoja wa hao wanne alikuwa Christian David, aliyekuwa amekwisha kurudi katika ushirika. Hivyo seremala akawa mzee mkuu kwenye ardhi ya kabaila.

Kanuni hizi hazikuwa ngeni kwa anayesoma Biblia. Utaratibu wa kuonyana ni ule wa Mathayo 18:15-17. Utaratibu wa kazi na chakula ni ule ambao Paulo aliwapa Wathesalonike (2 Wathesalonike 3:6-13). Baadaye mwaka huohuo, katika maktaba ya mji wa Zittau, Zinzendorf alikuta kitabu cha Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kilichoeleza taratibu za kanisa hilo la kale. Alishangaa kuona jinsi makubaliano ya Herrnhut yalivyofanana nazo. Waliporudi kijijini na kuzisoma, Wamoravia waliona sauti ya baba zao.

Katika yote hayo hapakuwa na agizo la kila mtu kuuza alicho nacho. Kila jamaa ilikuwa na nyumba yake na kazi yake. Usahili wao ulikuwa katika kuishi kwa kazi ya mikono, kutokujipatia heshima kwa cheo, na kutomwacha mwenzao apungukiwe.

Soma tena 2 Wathesalonike 3:6-13. Paulo anawakemea wasiotaka kufanya kazi, lakini mara baada ya hapo anawahimiza waumini wasichoke kutenda mema. Kwa nini mambo haya mawili yanahitajiana?

JUMATANO

Moto Usiozimika

Makubaliano yalileta utulivu, lakini hayakuleta furaha mara moja. Miezi mitatu ilipita watu wakiomba katika vikundi vidogo, wakiungamana na kujifunza waraka wa kwanza wa Yohana. Jumatano, Agosti 13, 1727, mchungaji Rothe aliwaita wote kwenye kanisa la Berthelsdorf kwa ajili ya Meza ya Bwana. Njiani waliokuwa hawasemeshani walizungumza. Ndani ya kanisa wengi walilia, wakapatana, wakatoka wakihisi kwamba Roho Mtakatifu amewafanya kuwa watu wamoja. Wamoravian hadi leo huikumbuka siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa upya kwa kanisa lao.

Ni vizuri kuona mpangilio wa mambo. Kwanza Zinzendorf aliwatembelea watu. Kisha walikubaliana kanuni. Kisha wakaomba, wakaungama, na ndipo baraka ikaja. Kanuni hazikumleta Roho, lakini ziliwafundisha kunyamaza na kusikilizana hadi wakawa tayari kumpokea.

Siku chache baadaye, wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kwamba kila saa ya mchana na ya usiku iwe na mtu anayeomba. Walikumbuka agizo la moto wa madhabahuni ambao haukupaswa kuzimika (Walawi 6:12, 13). Zamu hiyo ya maombi iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1728 walianza pia desturi ya kupeleka neno moja la Biblia kila siku katika kila nyumba, ili wote walitafakari. Tangu mwaka 1731 maneno hayo huchapishwa kila mwaka, na yanasomwa hata sasa katika lugha nyingi.

Maombi yalizaa safari. Mwaka 1731 Zinzendorf alikuwa Copenhagen, nchini Denmark, akakutana na Anton, mtumishi aliyetoka kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Anton alieleza mateso ya watumwa wa kisiwa hicho, akiwamo dada yake, na hamu yao ya kumjua Mungu. Habari hiyo ilipofika Herrnhut, mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann walijitolea. Waliondoka Agosti 1732 kwa miguu wakiwa na fedha kidogo sana. Mwaka uliofuata wengine walikwenda Greenland. Mwaka 1737 Georg Schmidt alifika Afrika Kusini. Wengi wao walikuwa mafundi waliojitegemea kwa kazi zao, kama Paulo alivyoshona mahema.

Zinzendorf mwenyewe alifukuzwa Saxony mwaka 1736, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuwa na makao ya kudumu. Mwishoni mwa mwaka 1741 alifika Pennsylvania, Marekani, ambako ndugu walikuwa wakijenga kijiji kilichoitwa Bethlehem. Huko, chini ya uongozi wa August Gottlieb Spangenberg, walikwenda mbali kuliko Herrnhut. Kwa miaka mingi wote walifanya kazi kwa ajili ya mfuko mmoja, wakapokea chakula, mavazi na malazi kutoka humo, ili wenzao waweze kwenda kuhubiri. Mpango huo ulikoma mwaka 1762, lakini kanisa lilibaki.

Jambo jingine la Bethlehem linastahili kukumbukwa na wanaoitunza Sabato. Mwaka 1742 Zinzendorf na kanisa la pale walikubaliana kuiadhimisha siku ya saba kuwa siku ya mapumziko, huku wakiendelea kukusanyika Jumapili ili kuhubiri injili. Nuru yao haikuwa kamili, wala desturi hiyo haikuenea katika kanisa lao lote. Hata hivyo, watu waliotafuta maisha sahili waliona haja ya pumziko ambalo Mungu aliliweka tangu uumbaji (Mwanzo 2:1-3).

Sabato humweka mwajiri na mfanyakazi, mwenyeji na mgeni, katika pumziko moja (Kutoka 20:8-11). Ni kwa njia gani inaweza kuwasaidia waumini kuishi kwa usahili na usawa katika siku sita nyingine?

ALHAMISI

Mahali Kanuni Ziliposahauliwa

Maisha ya Zinzendorf yana kurasa za huzuni, na mbili kati yake zinahusu somo hili moja kwa moja.

Ya kwanza ni Herrnhaag. Alipokuwa uhamishoni, ndugu walijenga kijiji kipya chenye jina hilo katika eneo la Wetterau, mwaka 1738. Kilikua upesi na kuwa na majengo mazuri, muziki na vijana wengi. Katika miaka ya 1740 ibada yake ilianza kupotoka. Zinzendorf alikuwa amefundisha sana juu ya majeraha ya Kristo na juu ya kumwendea Mungu kama watoto wadogo. Vijana, mwanawe Christian Renatus akiwa mstari wa mbele, walichukua mafundisho hayo wakayageuza kuwa lugha ya kitoto, sherehe za gharama na maneno yaliyowachukiza hata marafiki. Kazi ilidharauliwa. Aliyejaribu kuonya alionekana hana upendo.

Zinzendorf alikuwa mbali, na lugha hiyo kwa sehemu ilitoka kwake mwenyewe, kwa hiyo alichelewa kuona. Mwaka 1749 aliandika barua kali ya kukemea, akamwita mwanawe London. Mwaka 1750 mtawala wa eneo aliwataka wakaaji wamkane Zinzendorf au wahame. Wakahama, na kijiji chenye watu wapatao elfu moja kikabaki magofu. Christian Renatus alitubu kwa machozi, akafa London mwaka 1752 akiwa na miaka 24. Mwaka uliofuata madeni ya kanisa yalikuwa makubwa kiasi cha kulitishia lisambaratike. Zinzendorf alijitwika madeni hayo. Kwa miaka mingi mkewe Erdmuthe ndiye aliyekuwa amesimamia mashamba na hesabu, huku akiwazika watoto wengi kati ya 12 aliowazaa. Alifariki mwaka 1756, na Zinzendorf alitambua kwamba hakumtendea kama alivyostahili.

Ukurasa wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1739 Zinzendorf alifika St. Thomas na kuwakuta wamisionari wake gerezani. Alifanikiwa kuwafungua, akashangilia kuona mamia ya watumwa waliomwamini Kristo. Lakini alipowaaga waumini hao, aliwafundisha kwamba utumwa wao ni mpango wa Mungu na kwamba wawatii mabwana zao. Zaidi ya hapo, kanisa lilikuwa limenunua shamba kisiwani pamoja na watumwa wa kulilima, ili kugharimia kazi ya injili. Mtu aliyewaandikia wakimbizi wa Herrnhut kwamba wasiwe watwana wa kabaila hakuona kwamba kanuni hiyohiyo iliwahusu ndugu zake Waafrika waliokula naye Meza ya Bwana.

Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, aliomba apokewe kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tena (Filemoni 8-17). Kanuni za ushirika hupimwa kwa jinsi zinavyomfikia aliye mbali na asiye na sauti. Jamii inaweza kuwa na upendo mwingi ndani ya ua wake na bado ikaishi kwa jasho la mtu ambaye haimhesabu.

Herrnhaag palikosekana watu wa kuonya, na St. Thomas palikosekana macho ya kumwona ndugu. Je, katika jamaa, kanisa au taasisi unayoijua, ni nani anayefanya kazi ngumu bila kuhesabiwa kuwa mmoja wao?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Zinzendorf aliruhusiwa kurudi Saxony mwaka 1747, na miaka yake ya mwisho aliishi Herrnhut kwa kiasi, akihubiri, akiandika na kuwatembelea watu nyumbani mwao kama alivyofanya mwaka 1727. Mwaka 1757 alimwoa Anna Nitschmann, binti wa jamaa maskini ya wakimbizi, ambaye tangu umri wa miaka 14 alikuwa mzee mkuu wa wanawake wa Herrnhut. Ndoa ya kabaila na binti wa fukara ilikuwa jambo la aibu mbele ya watu wa daraja lake. Alifariki Mei 9, 1760, na Anna akamfuata majuma mawili tu baadaye. Zinzendorf alizikwa juu ya kilima cha Hutberg, katika makaburi ya kijiji, pamoja na ndugu wa kawaida. Kufikia siku ile Wamoravian walikuwa wametuma zaidi ya wamisionari 200 katika nchi nyingi.

Mmoja wa watu walioguswa na kazi hiyo alikuwa John Wesley. Akiwa baharini kuelekea Georgia, meli ilipigwa na dhoruba, naye akaona Wamoravian wakiimba kwa utulivu huku wengine wakipiga kelele kwa hofu. Mwaka 1738 alikwenda Herrnhut kujionea. Ellen G. White anakisimulia kisa cha dhoruba hiyo katika kitabu chake juu ya pambano kuu kati ya Kristo na Shetani, kwa sababu Mungu alikitumia kumwonyesha Wesley imani ambayo yeye bado hakuwa nayo.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Herrnhut yenyewe imebaki mji mdogo.

Kutokana na maisha haya, mambo manne yanaweza kuwekwa mbele ya wale wanaotaka kuishi pamoja kwa usahili. Kwanza, mwenye uwezo aanze kujinyima kabla ya kudai wengine wajinyime. Pili, makubaliano yawe machache, yaandikwe, na kila mtu ayakubali kwa hiari. Tatu, maombi na kazi visitenganishwe, maana Herrnhaag kazi ilipodharauliwa hata maombi yaliharibika. Nne, haki ya kuonywa na kuonya isiondolewe kwa mtu yeyote, hata mwanzilishi. Lakini yote manne yasimame chini ya Kristo, ambaye ndiye aliyetoa cheo chake na kuwa mtumishi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na upendo, lakini lilihitaji pia kuchagua mashemasi (Matendo 6:1-7). Linganisha tukio hilo na makubaliano ya Herrnhut. Ni wakati gani utaratibu husaidia upendo, na ni wakati gani huuzima?

2. Herrnhut kila jamaa ilitunza mali yake. Bethlehem wote walitumia mfuko mmoja. Kwa mujibu wa Matendo 4:32–5:4, je, Biblia inaagiza njia moja? Ni kanuni gani inayopaswa kubaki katika njia zote mbili?

3. Kama kikundi chenu cha Shule ya Sabato kingeandika makubaliano matano ya kuishi kama ndugu katika mtaa wenu, yangekuwa yapi? Yaandikeni juma hili. Kisha ulizaneni: je, yanamhusu pia kibarua, mjakazi wa nyumbani na mgeni aliye kati yenu?

4. Zinzendorf aliona utumwa wa wakulima wa Saxony lakini hakuuona wa Waafrika wa St. Thomas. Ni mambo gani leo ambayo watoto wetu huenda wakashangaa kwamba tuliyaishi bila kuyaona? Ombeni pamoja Zaburi 139:23, 24.